Konokono wa Darasa la Tatu: Kufundisha Maigizo ya Afya katika Shule za Msingi

Katika shule nyingi za msingi, igizo la afya huandaliwa pale mgeni anapotarajiwa. Mwalimu huandika maneno, wanafunzi wanne au watano walio hodari huyakariri, na siku ya siku mmoja hujipaka unga kichwani akawa mzee, mwingine akavaa koti jeupe akawa daktari. Hadhira hucheka na kupiga makofi. Mgeni akiondoka, igizo nalo limekwisha, na wale wanne wamejifunza kupaza sauti kuliko walivyojifunza kujikinga na ugonjwa. Kuwafundisha sanaa za maonyesho watoto wa miaka saba hadi kumi ni kazi ya namna nyingine, na mhudumu wa afya anayealikwa shuleni hana budi kuielewa.

Mtoto wa umri huo tayari anaigiza kila siku bila kufundishwa. Hucheza baba na mama, hupika mchanga kwenye kifuu, humdunga sindano mdogo wake kwa kijiti. Somo huanzia hapo. Darasa zima husimama duara, kama katika mchezo wa ukuti, na mwili hutangulia maneno: sasa sote ni maji yaliyotuama, sasa ni majani ya mpunga, sasa ni konokono anayetambaa. Mazungumzo huja baadaye, nayo hutungwa na watoto wenyewe.

Ugonjwa wa kichocho hufaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa mzunguko wake una wahusika wengi na safari ndefu. Mayai hutoka na mkojo au kinyesi cha mgonjwa na kufika majini. Huko huanguliwa, na kijidudu kinachotoka humtafuta konokono na kumwingia. Baada ya wiki kadhaa, konokono hutoa maelfu ya vijidudu vingine vyenye mkia, ambavyo hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Darasa la watoto arobaini, ambalo kwa kawaida ni mzigo kwa mwalimu, hapa huwa neema: kumi ni maji, wanane ni mayai, watano ni konokono, waliobaki ni wachotaji, waogaji na wakulima. Mtoto aliyekuwa kijidudu, akazunguka bila kumpata konokono hadi akachoka na kulala chini, ameelewa kwa nini choo hukata mzunguko. Wala hasahau kwamba kichocho hupitia ngozini, jambo ambalo hata watu wazima wengi hulikosea wakidhani huletwa na kunywa maji machafu.

Hatari kubwa imo katika nafasi ya mgonjwa. Maigizo mengi ya afya humfanya mgonjwa kuwa mjinga wa kuchekwa: ndiye mchafu, ndiye mkaidi, ndiye aliyeonywa asisikie. Lakini katika maeneo yenye kichocho cha mkojo, miongoni mwa watoto wanaotazama wamo wanaokojoa damu. Mtoto wa namna hiyo akisikia wenzake wakimcheka mhusika, hujifunza jambo moja tu, nalo ni kunyamaza. Minyoo wanaoishi katika mishipa ya damu kuzunguka kibofu huendelea kutaga, na madhara kwa kibofu, figo na viungo vya uzazi hujengeka kimyakimya kwa miaka. Kwa hiyo mwalimu mwenye uzoefu hugeuza kicheko kielekee kwa mdudu. Mdudu ndiye mwenye majivuno, ndiye anayenyatia, ndiye anayekimbizwa. Nafasi ya mgonjwa huzunguka kwa watoto kadhaa, na mwisho wa kipindi kila mmoja huvua uhusika wake waziwazi: hujipangusa mabega, hutaja jina lake la kweli, hurudi kuwa mwanafunzi. Bila hatua hiyo ndogo, jina la utani huanza papo hapo uwanjani.

Mbinu ya kusimamisha mchezo na kuihoji hadhira si ngeni nchini. Wahadhiri wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Mlama, waliitumia vijijini tangu miaka ya 1980, Malya mkoani Mwanza pakiwa mahali pamojawapo. Kwa watoto hutosha kupiga makofi mara moja: mchezo husimama, na anayeona njia nyingine huingia kuijaribu.

Siku ya kumeza dawa nayo yafaa kufanyiwa mazoezi. Mwaka 2008, mjini Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo shuleni uliambatana na uvumi kwamba watoto wanazirai na kufa. Wazazi walikimbilia shuleni na ghasia zikazuka. Prazikwanteli inaweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya tumbo kwa muda mfupi, na ni afadhali imezwe baada ya chakula. Igizo linaloficha ukweli huo humwacha mtoto na mzazi wake bila kinga dhidi ya uvumi. Watoto waigize yote: kupimwa kimo kwa fito ili kujua idadi ya vidonge, uchungu wa kidonge, tumbo kuuma, kukaa kivulini, kisha kumweleza mama jioni. Onyesho hilo litazamwe na wazazi kabla ya siku yenyewe.

Mhudumu wa afya si mwongozaji. Kazi yake ni kusahihisha ukweli wa kitabibu kabla ya onyesho, kisha kukaa nyuma. Asikatize mchezo kwa hotuba (kishawishi hicho ni kikubwa, hasa kwa aliyesafiri mbali). Hata hivyo, ajiandae kwa kitakachofuata. Igizo likifanikiwa, watoto wawili au watatu watamfuata mwalimu pembeni, pengine siku ya pili, na kusema kwamba wao pia hukojoa damu. Kabla pazia la kanga halijafungwa, ijulikane ni nani atakayewasikiliza kwa faragha, mkojo utapimwa wapi, na kama dawa ipo zahanati. Ikiwa haipo, onyesho lingoje hadi itakapofika.