Sensa ya Galaksi na Swali la Mama wa Uthiru

Baada ya darsa ya akina mama hapa Uthiru, mama mmoja alibaki nyuma akatuuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, binti yangu yuko kidato cha tatu, na amezama katika vitabu vya mwanzo wa ulimwengu. Wasema ulikuwa mdogo na wa moto, kisha ukapanuka. Nimzuie?" Twakiri kuwa hatukumjibu papo hapo. Tulimwomba wiki moja.

Jibu letu ni kwamba asimzuie. Nadharia hizo hupimwa, na kipimo chenyewe ni mfano wa sensa. Wataalamu wasema kwamba katika miaka 380,000 hivi ya mwanzo, mawimbi ya sauti yalipita ndani ya ule moto. Ulimwengu ulipopoa, yakasimama na kuacha alama. Ikiwa ni kweli, basi galaksi za leo, ukizihesabu kwa wingi, zitazidi kidogo katika umbali mmoja maalumu baina yao, yapata miaka milioni 500 ya mwendo wa nuru. Mwaka 2005 zikahesabiwa, na alama ikaonekana. Mradi wa DESI, wenye darubini yake Arizona, Marekani, umekwisha kupima zaidi ya milioni 14, pamoja na viini ving'aavyo vya galaksi za mbali. Alama ingaliko. Lakini hesabu hiyohiyo imetia shaka jambo jingine: ile nguvu inayoharakisha kupanuka kwa ulimwengu, iliyodhaniwa haibadiliki, huenda inapungua.

Ndiyo maana hatupendezwi na wahubiri wanaoifunga aya ya 30 ya Suratul Anbiyaa kwa kila nadharia mpya. Nadharia ikirekebishwa kesho, mtoto atadhani aya ndiyo iliyokosea. Hasha!

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Mnamo mwaka 964 hivi, Abdurrahman al-Sufi aliandika habari za wingu dogo angani. Leo twajua ni galaksi ya Andromeda. Na tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti iliyoitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha uhuru wake. Mkuu wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Uhuru ilikagua anga ikitafuta miale ya eksirei, ikagundua kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi ya moto mkali. Leo idadi ya makundi hayo nayo ni mizani: nadharia ikitabiri mengi kuliko yanayohesabiwa, huanguka.

Tulipomweleza, mama alicheka. "Kwetu ni Mambrui, Maalim, na hili sikulijua!"

Huku Uthiru taa za Waiyaki Way zatuziba macho. Wakienda kwao Desemba, amesema, baada ya Isha atatoka uani na bintiye, waelekee kaskazini, walitafute lile wingu la al-Sufi.