Nyasi za bustani zinavyotunzwa bila kemikali Canada

MIEZI ya Septemba na Oktoba, wakati Afrika Mashariki ikisubiri mvua za vuli, kusini mwa Canada ni majira ya mapukutiko. Majani hudondoka, hewa hupoa, na wenye nyumba huanza kuhangaikia nyasi zilizo mbele ya nyumba zao.

Zamani tegemeo lilikuwa dawa za kemikali. Mwaka 1991 mji mdogo wa Hudson, karibu na Montreal, ulipiga marufuku dawa hizo kutumika kwa urembo tu wa bustani. Kampuni mbili za unyunyiziaji zilikwenda mahakamani, lakini mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliupa mji ushindi. Jimbo la Ontario lilifuata kwa marufuku yake, iliyoanza Aprili 22, 2009, ingawa haikuyagusa mashamba.

Bila dawa, kazi kubwa hufanyika sasa, kabla ya theluji. Nyasi za huko hupenda ubaridi; hewa ikipoa huku udongo ukiwa bado na joto, mizizi hukua kwa kasi. Ndiyo maana mbegu husiwa kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba, baada ya ardhi iliyoshindiliwa kutobolewa matundu na kutandazwa mboji, isiyozidi unene wa sentimita moja. Nyasi hukatwa zikiachwa na urefu wa sentimita 6 hadi 8, ili kivuli chake kizuie magugu.

Adui sugu ni mabuu ya mbawakawa, watafunao mizizi. Nyasi hunyauka kwa mabaka, na usiku rakuni na vicheche hufukua kuwatafuta. Mara nyingi hao ndio waharibifu zaidi. Tiba yake ni nematodi, minyoo wasioonekana kwa macho, ambao humwingia buu na kumuua. Hunyunyiziwa jioni, kwa kuwa jua huwaua, na juu ya udongo uliolowa. Anayesubiri hadi baridi kali hupoteza fedha bure, maana mabuu huwa wamekwisha kuchimbia chini.

Kuhusu majani, kuyazoa na kuyatupa ni kutupa mbolea. Yakipitishiwa mashine ya kukatia nyasi, vipande huozea hapo hapo. Tabaka nene lisilosagwa, hata hivyo, huzinyima nyasi mwanga, hivyo ya ziada hulazwa chini ya vichaka, ambako wadudu wenye manufaa hujihifadhi hadi baridi ipite.