Namba Zinazoongoza Fedha

Kila siku fedha huingia Kampala kutoka ng'ambo: karo ya mwanafunzi, gharama za matibabu, malipo ya kahawa. Katika safari hiyo fedha huongozwa zaidi na namba kuliko jina la mtu. Namba ikikosewa, mwanafunzi huweza kurudishwa nyumbani kwa kukosa karo, hali ndugu yake amekwisha kuilipa.

Utata hutokea hasa pale ndugu aliyeko Marekani anapomwandikia mwenzake wa Kampala ampatie namba ya benki yenye tarakimu tisa. Benki ya Kampala haina namba ya namna hiyo. Utaratibu huo ulianzishwa na Chama cha Mabenki cha Marekani mwaka 1910, nao ni wa mabenki ya nchi hiyo. Tarakimu ya tisa huhakikisha kwamba nane zilizotangulia hazikukosewa. Lakini haiwezi kugundua kosa katika namba ya akaunti.

Nchini Uganda ziko namba za aina mbili. Kwa malipo ya ndani, kila tawi lina namba yake, ambayo huchapishwa chini ya hundi kwa wino wa sumaku. Kwa malipo ya ng'ambo hutumika namba ya SWIFT, shirika lililoundwa Ubelgiji mwaka 1973. Ingawa huitwa namba, kwa kawaida huanza kwa herufi, na jumla yake ni alama nane au kumi na moja. Nne za kwanza hutaja benki, mbili nchi, mbili mahali, na tatu za mwisho, zikiwapo, hutaja tawi. Kwa benki ya Uganda, herufi ya tano na ya sita ni UG. Asiyeziona hapo na aweke kalamu chini kwanza.

Pengine dola hupitia benki ya New York iliyo wakala wa benki ya Kampala. Namba ya wakala huyo haichukui nafasi ya namba ya SWIFT ya benki inayopokea.

Mahali pa kupata namba hizi ni kwenye tawi lenyewe au katika karatasi rasmi za benki, wala si kwa mtu asiyejulikana. Namba hizi si siri. Kilicho siri ni neno la siri la mwenye akaunti, na kupokea fedha hakuhitaji neno hilo. Anayeliomba ili alete fedha, amekuja kuzichukua.