Mgonjwa hali? Mpikie supu ya kuku na tambi

KUNA watu ukiwatajia tambi, akili inakimbilia kwenye sukari, tui la nazi na iliki. Sawa, za futari tunazipenda wote. Lakini jamani, tambi zikikutana na supu ya kuku wa kienyeji, hapo ndipo utajua kwamba zilikuwa zinaonewa!

Mimi supu hii huipika zaidi nyumbani kukiwa na mgonjwa. Mwaka jana mama mkwe wangu alitoka hospitali akiwa hataki ugali wala wali, kila kitu kwake kichungu. Na ana presha, kwa hiyo chumvi alishawekewa mpaka. Mtu asipokula nguvu atazitoa wapi? Bakuli la supu alilimaliza, akauliza kama kuna nyingine.

Haya mama, shika kalamu. Tafuta kuku mmoja wa kienyeji, maji lita 3, vitunguu maji 2, karoti 3, vitunguu saumu punje 4, tangawizi kipande cha kidole gumba, pilipili manga nzima chache, tambi nusu pakiti, ndimu na majani ya giligilani.

Mkate kuku vipande, umuweke kwenye maji ya baridi, siyo yanayochemka. Miguu na shingo usitupe! Utamu na uzito wa supu umejificha kwenye mifupa, ngozi na mishipa. Firigisi mwekee baba mwenye nyumba, tusije tukagombanisha watu.

Ikianza kuchemka, engua povu lote, kisha punguza moto. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachochea moto kama wanapika makande, mafuta yanavurugika na supu inakuwa na ukungu. Supu inataka moto wa taratibu, itoe viputo kimojakimoja. Kuku wa kienyeji mpe saa moja na nusu hadi mbili. Broila dakika 45 zinamtosha. Vitunguu, tangawizi na pilipili manga vitangulie. Karoti zisubiri dakika 20 za mwisho.

Vile vidonge vya supu vya dukani mimi siviweki. Soma karatasi yake, mara nyingi chumvi ndiyo inayotajwa ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Mwenye presha ukimpa supu ya vidonge, unamsaidia au unammaliza? Ndimu ya mwishoni inaamsha ladha vizuri tu.

Tambi zichemshe kwenye sufuria yake, dakika chache, zikiwa bado na ukakamavu kidogo. Ziweke kwenye bakuli, ndipo umwagie supu na nyama uliyoichambua. Ukizipika ndani ya supu na ikabaki, kesho utakuta zimeinywa yote, umebaki na uji!

Supu iliyobaki isilale mezani. Ndani ya saa mbili iingie kwenye friji, na ukitaka kuila tena ichemke kwelikweli. Ikiganda kama jeli usiogope, hiyo ndiyo alama kwamba mifupa imetoa kila kitu.

Je, supu ni dawa? Mwaka 2000, Dk. Stephen Rennard na wenzake wa Nebraska, Marekani, walichapisha utafiti wa maabara ulioonyesha kuwa supu ya kuku ilipunguza mwendo wa chembe nyeupe za damu, zile zinazohusika na uvimbe wa njia ya hewa wakati wa mafua. Lakini hiyo ilikuwa maabara, siyo kwa wagonjwa. Nionavyo mimi, supu inampa mgonjwa maji, joto na hamu ya kula, basi.

Kwa hiyo mama mwenzangu, mtoto akiwa na homa usimdanganye na bakuli. Akapimwe malaria kwanza, zahanati mbele, sufuria nyuma. Akishapata dawa, mimina supu, kamulia ndimu, nyunyizia giligilani. Na ufiche bakuli lako mapema, maana wazima ndio watakaoimaliza!