Kusimika na Kupima Linux ya Mezani: Mwongozo kwa Bagamoyo na Pwani

Linux ya mezani ni mfumo endeshi kamili unaoweza kushika nafasi ya Windows kwenye kompyuta ya kawaida. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Kiini peke yake hakimfikishi mtumiaji popote. Mtumiaji anahitaji pia madirisha na menyu, kivinjari, programu za ofisi na njia ya kupokea masasisho. Mkusanyo wa vitu hivyo, uliopangwa na kutunzwa na kundi moja, huitwa distro. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu ilitoka Oktoba 2004 ikiwa imejengwa juu ya Debian. Na Linux Mint ikafuata mwaka 2006 juu ya msingi wa Ubuntu. Zote hutolewa bure, na leseni zake zinamruhusu mtu kuzinakili na kumpa jirani.

Kwa wakazi wa Bagamoyo, Zinga, Kerege na Mapinga, jambo hili lina uzito wa pekee. Kompyuta nyingi zinazofika huku ni za mtumba kutoka maduka ya Kariakoo: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Windows 11 haivitambui rasmi vichakato vya Intel vilivyotangulia kizazi cha 8, na huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 bado ina nguvu ya kuandika barua, kufanya hesabu na kuingia kwenye mifumo ya serikali, lakini mfumo usiozibwa tena mianya ya usalama humweka mwenyewe hatarini. Distro inayofaa huirudishia mashine hiyo miaka kadhaa ya kazi. Inayofaa ni ipi? Sifa za wengine hazitoshi kujibu. Jibu hupatikana kwa kuipima kwenye mashine husika, kwa kazi za mwenye mashine.

Kuchagua

Kigezo cha kwanza ni kumbukumbu ya RAM. Mashine yenye GB 8 hubeba bila taabu Ubuntu ya kawaida au Linux Mint yenye mandhari ya Cinnamon. Yenye GB 4 hufanya kazi vizuri zaidi na Mint ya Xfce au Xubuntu. Yenye GB 2 ijaribiwe kwa Lubuntu, na mtumiaji asitarajie kufungua kurasa nyingi za kivinjari kwa pamoja. Diski nayo ina neno lake: kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD huongeza kasi zaidi kuliko kuhama kutoka distro moja hadi nyingine.

Kigezo cha pili ni muda wa masasisho. Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22, zote za mwaka 2024, zimeahidiwa masasisho hadi 2029. Xubuntu na Lubuntu za 24.04, ingawa zimetokana na msingi huohuo, zimepewa miaka 3 tu. Anayetaka kusimika na kutulia aliangalie hili mapema.

Kigezo cha tatu ni bando. Faili la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6, ilhali la Mint 22 halifiki GB 3. Kwa anayepakua kwa simu, tofauti hiyo ni fedha. Flashi moja iliyoandaliwa vizuri inaweza kuzunguka mtaa mzima, mradi faili lihakikiwe kwanza: tovuti ya distro hutoa tarakimu za SHA256, nazo zikilingana na zile zinazokokotolewa kwenye faili lililopakuliwa, faili limefika zima. Hatua hii isirukwe, kwa sababu mtandao ukikatika katikati ya upakuaji, faili pungufu huleta hitilafu zinazodhaniwa kuwa za distro.

Kujaribu kabla ya kusimika

Ubora mkubwa wa Linux ni kwamba huendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Flashi ya GB 8 inatosha. Programu ya Rufus au balenaEtcher huliandika faili humo, kisha kompyuta huwashwa huku kitufe cha menyu ya kuanzia kikibonyezwa: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Mtumiaji akichagua kujaribu, atapata mfumo mzima unaofanya kazi, ingawa polepole kuliko ukiwa kwenye diski.

Hapa ndipo tathmini ya kweli inapoanzia. Wi-Fi iunganishwe, kwa kuwa baadhi ya kadi za Broadcom huhitaji kiendeshi cha ziada. Simu ichomekwe kwa waya na kugawa intaneti. Sauti, kamera na Bluetooth vijaribiwe. Kifuniko cha kompyuta mpakato kifungwe kwa dakika chache kisha kifunguliwe, ionekane kama mashine inaamka. Printa ya ofisini ichapishe ukurasa mmoja. Kinachogoma hapa huenda kikagoma hata baada ya kusimika, na ni afadhali kijulikane wakati Windows bado ipo.

Hewa ya pwani inadai kipimo kingine. Unyevu wa chumvi hula miguso ya RAM na ya feni. Mashine inayozimika ghafla au kuganda ovyo inaweza kuwa na kutu, na distro ikalaumiwa bure. Programu ya Memtest86+ iachwe ikague RAM kwa saa chache, na hali ya diski isomwe kwa programu ya Disks. Mashine ikishinda vipimo hivyo, hitilafu itakayobaki inaweza kutafutwa kwenye mfumo.

Kusimika

Nakala ya mafaili yote muhimu itangulie, kwenye diski ya nje iliyochomolewa baada ya kunakili. Anayetaka kubaki na Windows pembeni azime kwanza usimbaji wa diski wa BitLocker na kipengele cha kuwasha haraka cha Windows, kwa sababu kipengele hicho huliacha eneo la Windows katika hali ya usingizi ambayo Linux haiwezi kuandika humo kwa usalama. Kinga ya uwashaji iitwayo Secure Boot kwa kawaida haihitaji kuzimwa kwa Ubuntu wala Mint.

Umeme ndio hatari kubwa ya saa hiyo. Kompyuta mpakato iwe na betri iliyojaa, na ya mezani iwe kwenye UPS, kwani kukatika kwa umeme wakati sehemu za diski zinapangwa kunaweza kupoteza data yote. Mwenye bando dogo aondoe alama kwenye chaguo la kupakua masasisho wakati wa kusimika, iwapo lipo. Saa za eneo ziwe Dar es Salaam au Nairobi, ambazo zote ni UTC+3. Kibodi ya Kiingereza cha Marekani inatosha kwa Kiswahili, maana herufi zote pamoja na alama ya ng' zimo.

Kutathmini

Tathmini inahitaji wiki kadhaa za kazi halisi. Mafaili ya Word na Excel yanayotumika kila siku yafunguliwe kwa LibreOffice, na mpangilio wake ulinganishwe na nakala iliyochapishwa. Herufi za Liberation hushika nafasi ya Times New Roman na Arial bila kuhamisha mistari. Carlito hufanya hivyo kwa Calibri, nayo iongezwe kama haipo. Mifumo inayopitia kivinjari, kama NeST ya ununuzi wa umma au OLAMS ya mikopo ya wanafunzi, ijaribiwe hadi hatua ya mwisho, pamoja na kupakia viambatisho.

Msanii wa Bagamoyo, mji wenye taasisi ya sanaa ya TaSUBa, ana vipimo vyake. Ardour hurekodi ngoma na sauti kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, na Kdenlive huhariri video. Cha kukagua ni kama kadi ya sauti ya nje inatambuliwa na kama ucheleweshaji wa sauti unavumilika. Mhasibu anayetegemea QuickBooks ya mezani au Tally, na mbunifu anayeishi kwa programu za Adobe, wajue kwamba programu hizo hazitolewi kwa Linux. Kwao mifumo miwili kwenye mashine moja ni busara zaidi.

Kiswahili nacho kipimwe. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na juhudi hiyo ilithibitisha kwamba programu za ofisi zinaweza kuzungumza lugha yetu. Leo kifurushi cha hunspell-sw huipa LibreOffice ukaguzi wa tahajia ya Kiswahili, jambo lenye faida kubwa kwa mwalimu na karani.

Uvumilivu dhidi ya kukatika kwa umeme ni kipimo cha lazima. Mfumo wa mafaili wa ext4 hutunza kumbukumbu ya mabadiliko, hivyo mara nyingi mashine huwaka tena salama, lakini kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. LibreOffice huhifadhi nakala ya dharura kila dakika 10. Muda huo upunguzwe hadi 2. Umeme ukikatika katikati ya masasisho, amri ya sudo dpkg --configure -a hukamilisha yaliyobaki. Bando nalo hulindwa kwa kuutambulisha mtandao wa simu kuwa wa kulipia kwa kipimo, ili masasisho ya kujiendesha yasubiri. Shule yenye kompyuta nyingi iweke apt-cacher-ng kwenye moja: kila kifurushi hupakuliwa mara moja, na nyingine zote huchukua hapo.

Mwishoni mwa majaribio, maswali matatu hutoa uamuzi. Je, kila kazi ya lazima imekamilika bila kurudi Windows? Je, kila kifaa kinafanya kazi? Je, yupo mtu wa karibu anayeweza kusaidia kukitokea tatizo? Majibu yote yakiwa ndiyo, Windows inaweza kuondolewa. Jibu moja likiwa hapana, mifumo yote miwili ibaki hadi kasoro hiyo ipatiwe dawa, au distro nyingine ijaribiwe kwa vipimo vilevile.