Fahali Aibebaye Ardhi

Katika Japji, utungo wa Guru Nanak, aliyezaliwa Punjab mwaka 1469, ambao ndio ufunguzi wa kitabu kitukufu cha Masingasinga, amo yule fahali wa hadithi za kale za Bara Hindi aibebaye ardhi. Lakini Guru hamwachi vivi hivi, bali humwita dharma, yaani uadilifu, mwana wa huruma, kisha huuliza chini ya fahali huyo pana nini, na mzigo wote wategemezwa na nani. Kwa swali hilo, naamini, ametuonya tusimsome fahali kwa dhahiri ya maneno. Na zile mbingu zitajwazo kwa malaki katika utungo huo huo, mimi naziona si hesabu ya mnajimu, ila ni kukiri kwamba akili ya mja huchoka kabla ya kuufikia ukomo wa maumbile ya Mola.