Mbio za Jana Tuzipime kwa Saa Gani?



Jumatatu iliyopita nilikuwa Mwanjelwa, jijini Mbeya. Ilikuwa asubuhi ya baridi, na nilikaa kwenye benchi la muuza kahawa nikisubiri mtu. Jirani yangu walikuwapo wazee watatu na kijana mmoja wa bodaboda. Kijana alisema kwamba winga fulani wa ligi ya sasa ana mbio kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kukanyaga nyasi za Uwanja wa Sokoine. Hapo kahawa ikapoa.

Mzee wa kwanza, fundi cherehani, alicheka kwa dharau. "Mjukuu wangu," alisema, "wewe hukuiona Tukuyu Stars. Namba saba wa zamani alikuwa akipita, beki anabaki ameshika kiuno." Mzee wa pili, aliyepata kuwa dereva wa malori, akasema mbio za mpira si mbio, mwenye mbio alikuwa Filbert Bayi. Wa tatu akatikisa kichwa tu, akasema watu wa siku hizi ni wa chipsi. Kijana naye hakukubali kushindwa. Akauliza swali moja ambalo lilinyamazisha benchi zima: "Babu, ushahidi uko wapi?"

Nimelichukua swali hilo kuwa mazungumzo yetu ya wiki hii. Mabishano kama hayo utayakuta Mwanjelwa, utayakuta Miyomboni pale Iringa, na utayakuta popote penye kahawa na wanaume waliovuka miaka hamsini. Wengi huyaona kuwa ni porojo za kupitisha wakati. Mimi nasema hapana. Ndani yake mna jambo zito kuhusu namna tunavyotunza, au tunavyopoteza, habari za mashujaa wetu.

Tuanze na mzee wa malori, maana yeye ndiye mwenye ushahidi. Tarehe 2 Februari 1974, katika mji wa Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Alikuwa na umri wa miaka 20. Wakimbiaji wa wakati ule walikuwa na desturi ya kuviziana, kila mmoja akimwachia mwenzake upepo, kisha wakafyatuka mzunguko wa mwisho. Bayi hakuvizia mtu. Tangu bastola ilipolia alikwenda mbele peke yake, akabaki mbele hadi utepe. John Walker, mwenyeji wa New Zealand, alimfukuza mpaka mita za mwisho bila kumfikia. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu.

Saa ilionyesha dakika 3, sekunde 32 na nukta 16. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, iliyodumu tangu 1967, ikavunjika. Gawanya muda huo uone maana yake. Bayi alikuwa akimaliza kila mita 100 kwa wastani wa sekunde 14 na kidogo. Kijana wa bodaboda akijitahidi sana anaweza kuifanya mita 100 moja kwa muda huo. Bayi alizifanya kumi na tano mfululizo. Rekodi yake ya michezo hiyo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48, hadi Birmingham mwaka 2022.

Mnaona basi, ndugu wasikilizaji, kwamba mzee wa malori hana haja ya kupaza sauti. Umbali unajulikana, saa inajulikana, tarehe inajulikana na waliokimbia pamoja naye wanajulikana. Anayebisha anabishana na karatasi.

Sasa tumgeukie fundi cherehani na namba saba wake. Tukuyu Stars ilipanda daraja, na mwaka 1986, msimu wake wa kwanza, ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Timu ya mji mdogo wa Rungwe, kwenye migomba na mvua, iliwaacha wakubwa wa Dar es Salaam wakishangaa. Hilo limeandikwa, na hakuna wa kulifuta. Ndiyo maana Mbeya City ilipopanda na kumaliza ya tatu katika msimu wa 2013/14, wazee wote wa Mbeya walianza kuhesabu miaka kurudi nyuma. Lakini mbio za namba saba je? Nani alizipima? Hakuna.

Kuna mambo matatu yanayofanya mbio za mpira zikumbukwe tofauti na mbio za riadha.

La kwanza ni mchezo wenyewe. Winga hakimbii mita 100 akiwa peke yake kwenye njia iliyochorwa chokaa. Hukimbia mita 10, 20, pengine 30, akiwa na mpira au akiufuata, na kinachoamua ni hatua tatu za mwanzo. Winga mjanja huondoka kabla beki hajajua kwamba kuna safari. Kwa hiyo mtazamaji anapoapa kuwa jamaa alikuwa na mbio, mara nyingi alichokiona ni akili. Mpeleke winga huyo kwenye mita 100 pamoja na Seraphino Antao, yule kijana wa Mombasa aliyeipatia Kenya dhahabu mbili za mbio fupi huko Perth mwaka 1962, na angeachwa mbali. Lakini mweke Antao kwenye matope, mpira wa ngozi uliolowa mguuni na beki mwenye njumu mbele yake, na hadithi ingekuwa nyingine.

La pili ni hewa yetu. Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa nayo imevuka mita 1,500. Kwa kimo cha Mbeya hewa ni nyepesi kuliko ile ya pwani kwa karibu asilimia 15. Hewa nyepesi haimzuii sana mtu anayekimbia hatua chache, ila inamnyima pumzi anayekimbia muda mrefu. Dunia iliyaona hayo Mexico mwaka 1968, mahali palipo juu ya mita 2,200. Huko Jim Hines alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.95, ikawa rekodi ya dunia, lakini wa mbio ndefu waliteseka. Mtanzania wetu John Stephen Akhwari alibanwa na misuli, akaanguka na kuumia goti, akamaliza marathoni akichechemea zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Hakuna aliyemlazimisha kumaliza, na ndiyo maana dunia inamkumbuka yeye kuliko wengi waliomtangulia.

Basi chukua somo hilo ulilete Sokoine. Beki ametoka Dar es Salaam, amepanda milima kwa basi, na dakika ya sabini kifua kinamwaka. Namba saba wa Mbeya, aliyezaliwa na kukulia kwenye hewa hiyo, anapita. Jukwaa linasema, "Jamaa ana mbio!" Ni kweli ana mbio, lakini mlima nao umemsaidia. Fundi cherehani hasemi uongo. Alichokisahau ni kumhesabu mchezaji wa kumi na mbili.

La tatu linanihusu mimi na kazi yangu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake hadi mwaka 1994. Maana yake ni kwamba Christchurch ya 1974 na Tukuyu ya 1986 ziliwafikia Watanzania wengi kwa njia ya redio. Hata lile bao la Peter Tino kule Ndola, Agosti 1979, lililoipatia Taifa Stars sare ya 1-1 na Zambia na kutupeleka Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980 huko Lagos, wengi wetu tuliliona kwa masikio. Tena tulilihifadhi kwa miaka mingi, kwa sababu hatukurudi kwenye fainali hizo hadi 2019. Mwenye chakula kimoja hukitafuna polepole.

Sasa mtangazaji wa redio hupima mbio kwa ulimi. Mita 40 ni sekunde tano au sita kwa mchezaji mwepesi. Lakini mtangazaji hodari akisema "anakwenda, anakwenda, bado anakwenda," sekunde hizo hurefuka kichwani mwa msikilizaji, na kila mwaka unaopita huongeza hatua nyingine. Hatukuwa tukidanganya. Tulikuwa tunawapa watu macho. Ila macho tuliyowapa hayakuwa na saa.

Kwa hiyo kijana alikuwa na haki ya kuuliza ushahidi uko wapi? Ndiyo, alikuwa na haki. Na hapa nawaomba tuondoke Mbeya, tupite Makambako na Mafinga, tufike Iringa, kwa sababu huko ndiko mimi mwenyewe nilikolijibu swali hilo vibaya.

Mwaka 2007 nilikuwa ripota kijana, diploma yangu ya uandishi bado inanukia wino. Nilielekezwa kwa mzee mmoja wa maeneo ya Mlandege aliyepata kucheza winga wa kushoto mjini hapo miaka ya sabini. Nilimkuta kibarazani, nikamwamkia shikamoo, naye akanijibu na kuniongezea "kamwene" ya Kihehe, akaniletea kigoda. Niliwasha kinasa sauti. Mzee alizungumza kiasi cha dakika arobaini. Alitaja viwanja, majina ya mabeki, mechi zilizovunjika kwa mvua, na jinsi walivyosafiri wakiwa wamekaa juu ya magunia ya mahindi. Aliniambia siri yake pia: hakuwa na mbio kubwa, ila alikuwa akitazama mguu ambao beki ameuegemea, kisha anapita upande huo, kwa kuwa mguu wenye uzito hauwezi kuondoka haraka.

Nilitangaza dakika tatu tu. Wiki iliyofuata kulikuwa na semina, na sikuwa na kaseti nyingine. Nikairudisha ile nyuma, nikarekodia hotuba ya ufunguzi juu yake. Leo siikumbuki hata mada ya semina hiyo.

Mzee alifariki miaka michache baadaye. Nilikwenda msibani. Binti yake akanifuata kwa heshima, akaniuliza kama bado ninayo sauti ya baba, kwa sababu wajukuu hawakuwahi kumsikia akisimulia habari za mpira. Niliinamisha kichwa. Nilimweleza ukweli, naye akasema, "Haya kaka, ni kazi ya Mungu." Haikuwa kazi ya Mungu, ndugu wasikilizaji. Ilikuwa kazi yangu mimi, na ilikuwa kaseti moja.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mbio za Bayi zina daftari. Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia huko Tokyo, baada ya kilometa 42 alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti isiyofikia hata sehemu ya kumi ya sekunde, na picha zipo. Miaka hamsini ijayo hakuna babu atakayebishana na mjukuu juu ya hilo. Lakini winga wa Iringa, namba saba wa Tukuyu, na akina dada kama Nzaeli Kyomo, aliyeiwakilisha Tanzania katika mbio fupi kwenye Olimpiki miaka ya themanini na ambaye pale Mwanjelwa hakuna mzee hata mmoja aliyemtaja, hao wote sehemu kubwa ya habari zao imebaki vichwani mwa watu. Na watu hufa.

Tufanyeje basi? Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye kinasa sauti, kwa hiyo kisingizio changu cha kaseti hakipo tena. Ukikaa na mzee, usimuulize nani alikuwa bora, maana hapo mtabishana tu. Muulize ilikuwa uwanja gani, mwaka gani, mlicheza na nani, mvua ilinyesha au jua liliwaka, nani mwingine alikuwapo ambaye bado yu hai. Kisha muulize lile swali gumu kwa adabu: hilo uliliona kwa macho, ulilisikia redioni, au ulihadithiwa? Yote matatu yana thamani, mradi yasichanganywe. Na kama kuna picha ukutani, igeuze, uandike majina nyuma yake leo hii, angali yupo wa kukutajia.

Narudi Mwanjelwa kumalizia. Kijana alipouliza ushahidi uko wapi, fundi cherehani alikaa kimya kidogo. Kisha akajibu, "Ushahidi ni mimi. Uliza haraka."

Kijana akacheka, wote tukacheka. Lakini nilimwona anatoa simu mfukoni, anaiweka juu ya benchi kati ya vikombe, na kumwambia, "Haya babu, anza mwanzo."

Tukutane tena wiki ijayo. Kwaherini.